Santuri Haichoki Kurudi Nyumbani

Kanuni ya mnada wa Balangdalalu ni moja: ngoja. Asubuhi mwenye kondoo ana kiburi. Saa kumi jioni anatazama njia ndefu ya kwao, anamtazama kondoo, halafu anakutazama wewe. Hapo ndipo unatoa hela. Mbinu hiyo alinifundisha mama.

Basi duka moja la Arusha likanitumia picha ya santuri mpya, yenye nyimbo zilezile ambazo mama alizicheza mpaka santuri yake ikapasuka. Laki moja na ishirini. Nikahesabu sifuri mara mbili. Nina santuri kumi na nne nyumbani, hakuna iliyofika hata nusu ya hapo. Nikapiga simu.

"Shikamoo baba," binti wa dukani akaitika.

"Marahaba. Bei ya mwisho?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Mwanangu, hiyo ni ya kwanza."

"Ya kwanza na ya mwisho ni moja, baba."

Nikacheka, nikakata, nikangoja jioni yake. Mwisho wa mwezi nikapiga tena: laki moja na arobaini na tano.

"Si ileile niliyoiona kwenye picha?"

"Ile iliuzwa. Hii ni ya mzigo mpya. Usafiri umepanda, ushuru umepanda."

"Haili majani, haijazaa. Imenenepaje?"

Akacheka yeye. Mimi sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa.

Nikangoja tena, kwa sababu sijui kufanya kitu kingine. Lakini kule Endagikot anakoishi mama, masikio yake hayakungoja. Redio aliyokuwa akiiweka mezani ilihamia kitini, kisha begani. Nilipoikuta imebanwa sikioni, nikapiga simu. Laki moja na sabini.

Nikapeleka kondoo wawili mnadani. Niliwauza saa kumi jioni, kwa bei ya saa kumi jioni. Nadhani wanunuzi nao walifundishwa na mama zao.

Santuri ilipofika, nikampelekea mama, naye akaegemeza sikio kwenye spika. Wimbo wa kwanza ukaisha, akaegemea zaidi. Wa pili, kidole gumba cha mguu kikaanza kupiga sakafu.

"Ongeza," akasema.

Kitufe cha sauti kilikuwa kimeshafika mwisho. Nikasogeza spika.

"Umenunua bei gani?"

Nikapaza sauti, nikamtajia nusu.

Akatikisa kichwa, sikio likiwa palepale. "Ungengoja, mwanangu."