Mwindaji Aliyekufia Kwetu

Bibiane alikuwa jikoni kwa Papa Thanasis, mzee wa Kigiriki aliyekuwa akitunzwa naye kule ughaibuni, mtaa wa Saint-Gilles, mabishano yalipozuka sebuleni. Mgeni wa mzee alikuwa amedai kwamba shujaa wao wa kale, yule aliyevaa ngozi ya simba, ni wa mji wa kwao. Papa Thanasis akaja juu: wa kwenu tangu lini? Kahawa ikapoa.

"Papa," Bibiane akauliza mgeni alipoondoka, "kama kila mji unamuvuta kwake, donc Wagiriki wenyewe ni nani?"

Mzee alimtazama kana kwamba ameuliza kama moto unachoma. "Ni sisi tunaomgombania. Mtu baki angemgombania wa nini?"

Neno hilo likamganda. Kwao Bukavu, bibi yake alikuwa akimsimulia habari za mwindaji mkuu aliyeuawa na nyati. Je, ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Bujumbura, walimjua?

Jumapili, kwenye soko la Gare du Midi, alisimama mbele ya Hidaya, muuza mboga kutoka Bujumbura. Mmoja wa kanisani, mwingine wa msikitini. Miaka yote walikuwa wakiitana madame, basi.

"Madame, ule muwindaji mwenye nyati iliua," Bibiane akajaribu, "alikufia kwetu."

Hidaya akabwaga fungu la lengalenga mezani. "Kwenu? Nani alikudanganya? Ule ni wetu!" Akavuta kreti tupu, akalipangusa kwa kanga. "Kaa hapa, ndugu yangu, nikueleze."