Betri Hulala Jikoni

Mwezi wa Julai vilima vya juu ya Mitaboni hufunikwa na ukungu mzito, na baridi yake huingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi moja ya mwezi huo, saa kumi na mbili kasorobo, Reuben aliketi ndani ya pikapu kuukuu ya marehemu baba mkwe wake, akazungusha ufunguo mara ya saba. Injini ilijikokota, ikapiga chafya moja, ikanyamaza. Hata moshi haikutoa.

Hayo hayakuwa mambo ya kumpata Reuben. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa malori kule Athi River, na madereva wa matrela ya saruji walikuwa radhi kumngoja yeye hata mafundi wengine wakiwa wamekaa bure. Wiki mbili nyuma aliwapigia shemeji zake kifua: "Mwaka huu mama ataenda kambi ya macho. Nitampeleka mimi mwenyewe, hakuna haja ya mtu kusumbuka." Sasa alikuwa ameshika usukani wenye baridi ya jiwe, na maneno hayo yalimrudia moja baada ya jingine.

Mama huyo ni Syombua, mama mkwe wake, mjane wa miaka sitini na minane. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alichobakiza ni kutofautisha mchana na usiku, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Madaktari wa macho hufika kituo cha afya pale sokoni mara moja tu kwa mwaka, na orodha ya watu wa kupasuliwa ingefungwa saa mbili. Mwaka uliotangulia shemeji walishindwa kuliwasha gari bila kumuuliza mtu, nyonga yake mbovu haikumruhusu kupanda bodaboda, na magari mengine hayapandi kilima hicho udongo ukilowa. Akakosa. Tangu hapo alikuwa amezaliwa Wendy, mtoto wa Reuben, ambaye nyanya yake alimjua kwa kumpapasa mashavu tu.

Sasa, Syombua ni mtu wa nthoni, ile heshima ya Wakamba inayomtenga mama mkwe na mume wa binti yake. Watu wa siku hizi wameilegeza. Wapo mama wakwe wanaopiga picha na wakwe zao huku wamekumbatiana. Syombua hataki hata kuyasikia hayo. Katika miaka minne ya ndoa ile hakuwahi kuketi chumba kimoja na Reuben, kumpa mkono wala kumwita kwa jina, na macho yake yalipokuwa mazima, wakikutana njiani alijifunika leso usoni na kushika upande wa pili. Neno lake kwa Reuben lilipitia kwa Ndanu, bintiye, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Hata safari ya leo ilipangwa hivyo: Ndanu na mtoto wangeketi katikati ya kiti, wawe ukuta.

Na ukuta huo ndio ulioharibu mambo. Jana jioni Syombua alisema, "Mwambie alete betri ndani." Ndanu akadhani mama anaogopa wezi. Akaupeleka ujumbe huku akicheka, na Reuben naye akacheka: ni mwizi gani atapanda kilima kwa ukungu huu kufuata betri? Betri ikalala nje garini. Reuben alikuwa amebadilisha oili na filta, na betri yenyewe ilishinda sokoni ikichajiwa. Kati ya plagi nne za kupasha injini moto, mbili zilikuwa zimekufa, na hakupata nyingine za gari la umri huo, lakini alijipa moyo kwamba mbili zitatosha. Athi River, kwenye joto, zingetosha.

Alizungusha ufunguo mara ya nane. Sauti ya stata ilishuka ikawa nzito, na Reuben, ambaye aliijua sauti hiyo vizuri, akajua betri inakufa.

"Mwambie aache," sauti ikatoka jikoni. Jiko la Syombua ni kijumba cha matofali, hatua kama kumi na tano kutoka banda la gari. "Akirudia mara mbili tena hiyo betri imeisha, na safari ya leo imeisha pia."

Ndanu akatoka, mtoto mgongoni. "Mama anasema uache."

"Nimesikia."

"Anasema utoe betri uilete kwa mlango. Ukishaweka chini urudi nyuma."

Reuben alitaka kubisha. Alifikiria kulisukuma gari, lakini lilikuwa limetazama ukuta wa banda, na nyuma yake ua ulikuwa tambarare na matope matupu. Akaifungua betri, akaibeba mpaka mlangoni, akaiweka chini na kugeuka. Alisikia ikiburutwa ndani kuelekea karibu na mafiga.

Kuanzia hapo Ndanu hakukaa. Alileta maji ya moto kwenye sufuria, na gunia. "Anasema uloweshe gunia, ufunike zile paipu za juu na nozo za kupulizia dizeli. Likipoa uloweshe tena." Akarudi na jiko la makaa lililofunikwa kwa majivu hata halikuonyesha wekundu wowote. "Hili ni la chini ya oili. Anasema kwanza uangalie kama kuna dizeli imemwagika. Na usipulize hayo makaa, moto usiamke." Reuben akalala kwenye matope, akapapasa chini ya injini pote, pakavu, akalisukuma jiko mahali pake.

Alipokuwa chini pale aliona kitu. Sakafu ya banda ilikuwa ya udongo, na chini kabisa ya injini palikuwa na duara jeusi, limeungua na kuwa gumu, la ukubwa wa jiko lile lile. Jiko liliketi ndani yake barabara. Duara la namna hiyo halitokei kwa asubuhi moja wala mbili.

"Ndanu," akaita. "Ni nani alikuwa akifanya hii kazi?"

"Baba, nafikiri. Sisi tulikuwa tumelala."

Soko zima la Mitaboni lingekubaliana naye. Ndunda, marehemu, alikuwa na sifa pale. Kwa miaka thelathini alipeleka nyanya na kabeji za wanakijiji mjini Machakos, na Julai, magari ya wenzake yakiwa yamegoma, lake lilishuka kilima likitoa moshi, naye ameegemeza kiwiko dirishani kwa madaha. Walipomuuliza siri, alijibu, "Hii gari inanijua." Watu wanalirudia neno hilo mpaka leo. Simsemi marehemu vibaya, lakini alikuwa akilitamka bila haya yoyote.

Ndanu akalipeleka swali jikoni. Jibu lilikuja taratibu, na lilisikika mpaka bandani. "Baba yako alikuwa anajua kuendesha. Kuamsha ilikuwa yangu. Saa kumi usiku niko na jiko hapo chini, betri imelala na mimi hapa, yeye akitoka na chai yake gari iko tayari. Ningemwambia nini, na yeye ndiye alikuwa anajua barabara?"

Hakusema kwa kinyongo. Reuben alisimama na gunia lenye mvuke mikononi, akajaribu kupiga hesabu ya asubuhi za miaka thelathini, akashindwa. Alikuwa amesoma injini darasani, ana cheti ukutani. Na hapa palikuwa na mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita fundi.

Saa moja na dakika tano betri ikarudi mlangoni, ubavu wake una joto kama mkate. Reuben akaifunga. Sasa kazi ilikuwa ya sikio, na hapo ujumbe wa kutumwa ukashindwa. "Anauliza pampu ya mkono ya dizeli imekuwa ngumu?" "Imekuwa ngumu kiasi." "Anasema kiasi gani?" Ndanu alikimbia mara tatu na swali hilo, miguu imejaa matope, mtoto analia, na saa inakwenda. Pumzi za betri zilikuwa za kuhesabika. Reuben akizungusha mapema mno imekwisha, akichelewa injini imepoa.

Kisha kikasikika kishindo cha fimbo jikoni.

Syombua akasimama mlangoni, leso kichwani, mkono mmoja umeshika fremu. Reuben akageuza uso mara moja, akatazama ukuta. "Ndanu," mama akasema, "boneti iko juu?"

"Iko juu, mama."

"Mwambie aingie ndani akae kwa usukani. Boneti ikiwa juu, yeye hanioni na mimi simwoni. Hakuna nthoni imevunjwa."

Hakuona tangu zamani, lakini hakuna aliyemkumbusha. Reuben akaingia, akafunga mlango polepole. Mbele yake kulikuwa na bati la bluu lililochujuka, limeziba kioo chote. Ng'ambo ya bati hilo alisikia fimbo ikiegemezwa, halafu mikono ikishika injini.

"Ukanyage klachi mpaka chini," Ndanu akafikisha neno dirishani. "Mama akigonga mara moja, zungusha. Akigonga mbili, wacha. Mafuta usikanyage mpaka agonge tatu."

Reuben akangoja. Alisikia pampu ya mkono ikibonyezwa, tena na tena, na mibonyezo ikizidi kuwa mifupi. Alisikia gunia likivuliwa, na ukimya ambao alijua ni wa kiganja kilichowekwa juu ya chuma kupima joto. Yeye angekuwa amekwisha zungusha. Yule mama hakuwa na haraka, na ni macho yake yaliyokuwa yakingoja pale sokoni. Reuben alimwogopa kidogo wakati huo, jinsi mtu anavyoogopa kanisani.

Pigo moja kwenye madigadi, bati la juu ya gurudumu. Akazungusha. Injini ilizunguka kwa nguvu ambayo hakuitarajia. Mapigo mawili. Akaacha. Pampu mara mbili. Pigo moja. Akazungusha, na kutoka chini kabisa kitu kikashika, silinda moja peke yake, inapiga na kuruka. Reuben akauzuia mguu wake juu ya kikanyagio cha mafuta. Ukungu wa moshi mweupe ukapanda pembeni mwa boneti. Ya pili ikaitikia. Mama hakugonga. Ya tatu, ikikohoa. Mama hakugonga bado. Ilipoingia ya nne, gari zima likatulia kama mtoto aliyepata ziwa, na ndipo mikono ile ikagonga tatu, pole pole, na Reuben akakanyaga.

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakujua yameanza saa ngapi. Ndanu alisimama uani amejishika mdomo. Mbele ya boneti Syombua alikuwa bado ameegemeza viganja vyake viwili juu ya injini inayonguruma, akitikisika pamoja nayo, na midomo yake ikisema maneno ambayo hayakuwa ya mtu mwingine.

Walifika sokoni saa mbili kasoro dakika nane. Muuguzi aliandika jina la Syombua, likawa la mwisho kwenye orodha.

Usiku huo mama na Ndanu walilala kituoni, na kesho yake asubuhi kitambaa cha jicho la kulia kikafunguliwa. Ndanu alieleza baadaye kwamba mama alimtazama Wendy kwa muda mrefu, akakigeuza kile kichwa kidogo huku na huku, kisha akasema, "Kumbe ana paji la uso la watu wengine," na akacheka. Paji hilo ni la Reuben tupu.

Reuben hakuwapo. Alikuwa nje kwenye maegesho, mahali pake palipompasa. Alipowaona wakitoka mlangoni, Syombua akitembea mwenyewe huku akitazama miti, matope, viatu vya watu, kila kitu, alijua kwamba safari hii uso wake ungeweza kuonekana. Alizunguka mbele ya gari haraka. Jua lilikuwa limetoka, injini ilikuwa bado na joto la safari ya kutoka nyumbani, ambako betri ilikuwa imelala jikoni, na gari halikuhitaji mkono wa mtu yeyote. Akainua boneti, akaingia ndani, akakaa kwenye usukani, akakanyaga klachi mpaka chini.

Akasikia fimbo ikija. Ikasimama mbele ya bati la bluu, na kukawa kimya kirefu cha mtu anayeangalia kitu alichokijua kwa mikono miaka yote.

Kisha pigo moja.