Nani Amekalia Kitufe?

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlinzi na kabla ya jua, nimevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe bila mimi ndani. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni pale Mpanda mjini, yale ya watu wazima na vijana kubanana kwenye dawati moja chini ya taa ya karabai, na cheti changu nilikibeba kifuani kama mtu aliyebeba yai. Kazi yenyewe ilikuwa ya opereta wa redio ya upepo.

Nawaeleza nyie mliozaliwa mkiwa na simu mkononi. Redio ya upepo ni mtambo wa kuzungumza na mtu aliye mbali bila waya wa kuwaunganisha. Juu ya meza kuna kisanduku cha chuma, chini ya meza kuna betri ya gari, nje kuna antena, yaani waya uliotandazwa kati ya milingoti miwili. Halafu kuna mkono wa kuongelea, wenye kitufe ubavuni. Ukibana kitufe, unasema. Ukikiachia, unasikia. Na ukikibana wewe, wenzako wote waliopo kwenye masafa yale wanakusikiliza wewe tu, wapende wasipende.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Bwana Mkuu wa Mawasiliano, mtu mfupi mwenye sauti ambayo ingefika Tabora hata mtambo ukiwa umezimwa. Cheti hakukigusa. Aliniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamjibu kidato cha nne, mzee, kwa masomo ya jioni.

"Vizuri," akasema. "Ya jioni unayajua. Sasa kaa hapo ujifunze ya mchana."

Nikakaa. Wiki nzima sikuruhusiwa kushika kitufe. Nilisikiliza tu, mpaka usiku nikilala nasikia mikwaruzo ya mtambo kwenye mto.

Nilichojifunza kwanza ni kuitana. Kila asubuhi, kabla mtu hajanywa chai, makao makuu ya Mpanda yaliviita vituo kimoja kimoja, na kila kituo kilijibu hali yake: mvua, mgonjwa, mafuta ya gari, barabara. Ukimaliza unasema "ova", maana yake nimemaliza, zamu yako. Jioni kila kituo kilisema "nafunga kituo", na Mpanda haikuzima mtambo mpaka kituo cha mwisho kimefunga. Kituo kisipojibu asubuhi, hakuna aliyekunywa chai. Gari lilitoka kwenda kukitafuta.

Jambo la pili ni kwamba majina yetu ya nyumbani yalikufa pale mlangoni. Mtu aliitwa kituo chake. Nilipopelekwa Sitalike nikawa Sitalike, na hata mama mwenye duka la sukari aliniita hivyo. Mkuu wa Kituo wa huko alikuwa Mpimbwe, kabila la huko huko, na Mkatoliki wa kweli kweli, aliyepiga ishara ya msalaba kila alipougusa mtambo, kwa sababu aliamini una shoti. Alikuwa sahihi, ulikuwa nayo. Huko ndiko kiboko alikuja kujikuna kwenye mlingoti wa antena, kiboko mkubwa kama lori la tani saba. Wanaonijua watawaambia ilikuwa tani tatu, lakini wao hawakuwepo. Mlingoti ulilala, mawasiliano yakakatika, na Mpanda wakatuma gari wakidhani tumeliwa.

Baadaye nilirudishwa makao makuu, nikawa Mpanda, na jina hilo ninalo mpaka leo. Kule Sitalike nafasi yangu akaishika Pius, mkulima wa mpunga aliyekuwa na sikio kali kuliko mtambo wenyewe. Ikola, kule ziwani, alikuwepo Athumani. Sisi watatu tumeitana asubuhi kwa asubuhi mpaka mvi zikatukuta kwenye masafa.

Sasa nieleze dhambi kubwa ya kazi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa yanayofuata. Dhambi hiyo ni kukalia kitufe. Wakati mwingine mkono wa kuongelea unaangukia kwenye kiti, opereta anakaa juu yake bila kujua, kitufe kinabanwa, na kuanzia hapo mkoa mzima hauwezi kusema neno. Unamsikiliza yeye tu, anavyokohoa, anavyomfokea kuku. Na huwezi kumwambia, kwa sababu aliyebana hasikii. Bwana Mkuu alikuwa akizunguka chumba kama simba, akiuliza "Nani amekalia kitufe?" na kuahidi barua ya onyo.

Siku moja mchana aliyekalia alikuwa Ikola. Tukaanza kusikia sauti ya dada mmoja muuza dagaa, na Athumani akimbembeleza. Bwana wee, alibembeleza. Alimwambia asubuhi anatoa hali ya hewa huku akili yote ipo kwenye kichanja cha dagaa. Alimwambia hana ng'ombe, hana bati, ana mshahara na mtambo usio wake. Yule dada akacheka, akasema atafikiria, kisha tukasikia hatua zake zikienda. Vituo vyote vilikuwa vinasikiliza. Kule Sitalike, Pius aliniambia baadaye, askari wa kituo walisimama dirishani na vikombe vyao kama wanasikiliza fainali. Nilimtazama Bwana Mkuu nikingojea atake karatasi ya barua ya onyo. Hakutaka. Aliketi, akavua kofia.

Kesho yake asubuhi alichukua mkono wa kuongelea mwenyewe.

"Ikola, Ikola, hapa Mpanda. Yule dada amefikiria? Ova."

Sote tukausogelea mtambo. Halafu ikaja sauti ndogo: "Mpanda, Ikola. Amekubali. Ova."

Tulishangilia mpaka mlinzi akakimbilia ndani.

Miaka ikaenda. Minara ya simu ikaota mmoja mmoja. Mkuu wa mwisho niliyefanya naye kazi alikuwa Ofisa Tehama, kijana mpole, aliyekuja na kompyuta mgongoni. Aliniomba radhi kabla ya kuung'oa mtambo, kama mtu anayechukua godoro la mgonjwa. Antena ikawa kamba ya kuanikia nguo. Nami nikastaafu, nikarudi kwangu Kakese na mahindi yangu.

Lakini sikio la opereta halistaafu. Sisi watatu tulibaki na ugonjwa wa redio. Mimi nakusanya zile kubwa za mbao, zinazohitaji kupashwa moto kwanza kabla hazijasema. Mke wangu anasema ndani mwetu redio zilizokufa ni nyingi kuliko watu walio hai, na sijawahi kumbishia. Pius anatafuta stesheni za mbali kwenye masafa mafupi, akishika nchi asiyoijua lugha yake anafurahi kama amepata mjukuu. Athumani ndiye anayezifufua. Kule Ikola wavuvi wanampelekea redio zilizolowa maji ya ziwa, anazianika juani, anazisafisha kwa mswaki, zinaimba tena.

Redio tuliziweza. Simu ndizo zilitushinda. Wanetu walitununulia hizi za kupangusa, na kila mmoja wetu aliaibika kwa njia yake. Mimi nilipangusa nikapiga picha sikio langu. Pius alipigiwa simu ya video akaiweka sikioni, mwanawe aliyeko Mwanza akazungumza na giza. Athumani, akipigiwa, anasema neno moja kisha ananyamaza akingojea "ova". Binti yake naye ananyamaza akidhani mtandao umekatika. Wanakata.

Na hilo ndilo lililoleta shida yenyewe. Binti huyo ni Zuhura, muuguzi Dodoma, mtoto pekee wa Athumani. Mama yake, yule yule wa dagaa, alifariki, Mungu amrehemu. Zuhura alipokuja kunisalimia Kakese mwaka jana hakunywa hata maji kwanza.

"Baba mkubwa, mimi silali," akaniambia. "Nikimpigia hapokei. Akipokea hasemi. Nyumbani pale mtandao ni wa kubahatisha. Siku akianguka, nani atajua? Idi hii naenda kumchukua, akaishi na mimi."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema sawa. Kila kitu kwake ni sawa."

Nikamjua rafiki yangu. Athumani akisema sawa mara moja, amekubali. Akisema sawa kwa kila kitu, anaumia. Lakini ningemwambia nini binti mwenye hofu ya haki? Nikamwomba anipe mpaka Idi. Nikamwambia nitahakikisha kila asubuhi baba yake anajibu. Akinyamaza hata asubuhi moja, amchukue, nami nitambebea begi. Akakubali, bila kunipenda sana siku hiyo.

Nilikuwa nimeahidi kitu nisichokijua. Nikapanda bodaboda hadi mjini, dukani kwa Hajati Mwamvua, mama anayeuza simu karibu na soko, anayeweza kuwauzia samaki mwavuli. Nikamweleza: mtandao wa kubahatisha, mzee akipokea hasemi, haandiki kwa sababu vidole vyake ni vinene kama mhogo, na akinyamaza mtu anadhani amekufa. Hajati alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea simu mbele.

"Tumeni voisi. Bana hapa, sema, achia. Inaenda yenyewe mtandao ukirudi. Na yeye akitaka kujibu, abane, aseme, aachie."

Nilimwomba arudie. Akarudia: bana, sema, achia. Nikakaa kwenye benchi la dukani. Hajati akauliza kama nimepata kizunguzungu. Nikamwambia hapana mama, nimerudi kazini.

Jioni ile ile nilimpigia Pius, kesho yake nikafunga safari ya Ikola kumwonyesha Athumani, na tukawa na kundi letu kwenye simu, tukaliita Vituo. Zuhura naye tukamwingiza, bila kituo, msikilizaji tu. Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi kwangu, kabla ya chai, nilibana.

"Ikola, Ikola, hapa Mpanda. Hali yako? Ova."

Athumani hakufundishwa mara mbili. Kidole kilijua. "Mpanda, Ikola. Ziwa limetulia, upepo wa kusini, dagaa wapo, mafua kidogo. Ova." Kuanzia hapo hakukosa hata asubuhi moja. Sauti yake ilirudi kuwa ile ya zamani, ya mtu aliyevaa sare. Na jioni aliaga kama zamani: Ikola nafunga kituo.

Lakini Zuhura hakusema kitu kwenye kundi, na Idi ilikuwa inakaribia. Nilimpigia kumsikiliza. Akasema anashukuru, sasa anajua baba yupo hai. Ila kuwa hai si kuwa na watu, baba mkubwa. Anamfikiria amekaa peke yake ndani na redio zile. Begi ameshanunua.

Ikaja asubuhi ambayo Athumani alijibu hali yake vizuri tu, lakini kidole kikateleza kwenda juu. Nyie mnajua ukiteleza hivyo inatokea nini: inatokea alama ya kufuli na simu inaendelea kurekodi yenyewe. Athumani aliona kufuli. Kwa opereta kufuli ni nini, kama si kituo kimefungwa? Akaridhika, akaitia simu mfuko wa shati, akaendelea na maisha. Baadaye sana akaitoa, akaona bado inawaka, akabonyeza ule mshale wa kutuma akidhani anaizima. Ikaja kwetu.

Nilipoona urefu wa ile voisi nilijua mara moja. Dhambi ile ile, mtu yule yule. Nikaisikiliza yote, na chai ikapoa.

Kwanza jirani alimwita baba Zuhura, akamuuliza kama uji ulikuwa na chumvi ya kutosha. Wavuvi wakaja na redio iliyozama, wakabishana nani aliizamisha, Athumani akawataka waache kumtukana marehemu, maana ndio kwanza anaisikiliza moyo redio hiyo. Kina mama wa kwenye vichanja wakamuuliza hali ya upepo kabla ya kuanika, naye akawajibu kwa sauti ya kazi. Mtu akamtania kwamba bado anasema ova msikitini. Nyumba haikunyamaza, jamani. Soko la Mpanda siku ya mnada lina utulivu zaidi.

Halafu jirani yule akarudi akauliza kama ni kweli anahamia Dodoma.

"Mwanangu ana hofu, na ana haki," Athumani akasema. "Kule nitakula vizuri. Lakini mchana kutwa nitakuwa nakaa kwenye kochi nikimngojea arudi kazini. Hapa mama yake alinikubali pale mlangoni, pale pale ulipokaa. Sasa nikimwambia sitaki, atalia. Basi nasema sawa."

Sikuthubutu kubana. Siku nzima kundi lilikaa kama masafa yaliyozibwa, na Athumani alikuwa hajui kosa lake. Jioni ndipo ikaingia sauti ambayo haijawahi kusikika pale.

"Ikola, Ikola, hapa Dodoma. Ova."

Athumani, aliyeona kundi limeziba tangu asubuhi, akabana. "Dodoma, Ikola. Mwanangu. Nani amekalia kitufe? Ova."

"Ni wewe, baba. Nimesikia yote. Idi nakuja kama nilivyosema. Nakuja kula na wewe, kisha nitarudi. Begi nitalitia nguo zangu. Ova."

Vijana, mimi nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, na nilichobakiza ni kidogo: kubana, kusema, kuachia, na kungojea mwenzako amalize. Vyombo vimebadilika mara ngapi sijui, na vitabadilika tena, mtatuletea kingine cha kupangusa kwa kope za macho. Tuleteeni. Msitucheke sana, tuonyesheni kitufe kiko wapi.

Siku hizi kuitana kwetu kuna vituo vinne, na Dodoma ndiyo inayochelewa kila mara kwa sababu ya zamu za hospitali. Hatunywi chai mpaka ijibu.