Kornelia Alivyokwenda Kukipeleleza Chuo

Dada yangu Kornelia analima mahindi na mbaazi kijijini Dirma, na hakuna mtu awezaye kumuuzia kitu kwa maneno matupu. Ng'ombe atamfungua mdomo aangalie meno. Watu wanasema ana gubu. Mimi Emilian, mdogo wake, nilikuwa nasema hivyo kuliko wote, na leo nikikumbuka, najikasirikia.

Mwaka jana binti yake Violeth alifaulu kidato cha nne, biolojia na kemia safi kabisa. Alitaka unesi tu. Akapangiwa chuo cha serikali mkoa mwingine, akapewa wiki mbili athibitishe mtandaoni. Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja mnadani Katesh na gari la spika, anagawa kofia na vipeperushi vya chuo chake binafsi cha unesi, saa mbili tu kwa basi. Akaingia dukani kwangu ninapouza vocha, akanywa soda, akaniita mzazi mwelewa. Kichwa kikanivimba.

Nilimpelekea Kornelia kipeperushi. Hakukifungua.

"Emilian, kijana akija kumposa Violeth, si tunatuma watu kwao kwanza? Wanauliza ukoo una ugonjwa gani, wanatunzaje wake zao. Hapa nani amekwenda kuuliza?"

"Dada, hiki ni chuo, siyo mume."

"Atakaa huko miaka mitatu. Twende."

Tukaenda, bila taarifa. Kornelia hakupita ofisini, alikwenda moja kwa moja kwa wasichana waliokuwa wanafua nje ya bweni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba wanangu. Hospitali mnakokwenda kujifunza ni ipi?"

Mmoja akasema wako mwaka wa pili na wagonjwa hawajawaona bado. Maabara ilikuwa na kufuli. Kornelia akachungulia dirishani, akaona magunia ya mahindi ya jikoni yamepangwa mpaka kwenye dari. Mkuu wa chuo, yuleyule bwana wa kofia, akatoka mbio.

"Mama, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba, baba. Nipe namba ya usajili."

Akaitoa kwa mikogo. Niliitafuta kwenye simu yangu: chuo kimesajiliwa kweli, kwa ushonaji na kompyuta. Unesi haumo. Yule bwana aliniangalia usoni akasema kibali kiko njiani. Mwizi mkubwa! Wasichana wale wanafua sare nyeupe za kazi ambayo hawataruhusiwa kuifanya kamwe, naye amesimama pale amevaa tai.

Kwenye basi Kornelia alikuwa na furaha. "Kesho Violeth athibitishe kile cha serikali," akasema. "Siku zimebaki mbili."

Mimi nilikuwa natokwa na jasho. Kwa sababu namba ya siri ya maombi ya Violeth ninayo mimi, mtaalamu wa simu wa ukoo mzima, na siku ile ya soda nilikwisha kumjazia fomu ya chuo kile binafsi, yule bwana amekaa pembeni ananielekeza. Mfumo uliniuliza kama naachia nafasi ya serikali. Nikabonyeza ndiyo. Sikumuuliza mtoto, sikumuuliza mama yake. Nilitaka kuonekana nimefanya jambo.

Niliyasema yote tulipofika nyumbani, Violeth akiwepo. Tulijaribu kuirudisha nafasi usiku kucha na kesho yake yote. Ilikuwa imekwisha kupewa mwingine.

"Umemwozesha mtoto wangu bila posa," Kornelia akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Sasa Violeth anavuna mbaazi, anasubiri maombi ya mwakani. Jumapili nilikwenda kwao. Alikuwa mlangoni, akaniona vizuri, akachukua ndoo akanipita bila shikamoo. Mama yake, ambaye watoto wote wa kijiji wanajua fimbo yake kwa kosa hilo, alikuwa hatua mbili kutoka pale. Aliendelea kupepeta.