Sebule Yenye Homa

Mtaani walimwita Fundi Baridi, na jina hilo alitembea nalo kifua mbele miaka ishirini na saba. Friji ikigoma au kiyoyozi kikianza kukohoa, aliitwa yeye. Alikuwa na mtindo wake: anaweka kiganja mgongoni mwa mashine, anafumba jicho moja, kisha anataja nyuzi za joto kabla hata hajafungua mkoba. Mara nyingi alipatia. Alizokosea hakuwa akizisimulia, isipokuwa hii moja, ambayo leo anaisimulia kuliko mtu yeyote na wala hajionei huruma.

Mama yake, muuguzi mstaafu, alivunjika nyonga akahamia kwake, akapewa chumba cha nyuma, kile kinachopigwa na jua kuanzia adhuhuri. Dada mkubwa, anayeishi mji mwingine, akatuma vipima joto vinne, vidude vyeupe vya kubandika ukutani, kila chumba kimoja, vinavyopeleka namba kwenye simu za ndugu wote wawili. Vilikuja na ujumbe mfupi: chumba cha Mama kikipita nyuzi thelathini siku tatu mfululizo, anakuja kumchukua. Fundi hakutaka Mama achukuliwe. Tangu utotoni dada ndiye aliyeachiwa funguo za nyumba, yeye akiachiwa maagizo ya kutogusa kitu. Safari hii alitaka na yeye aaminiwe.

Karatasi ya maelekezo ilisema uwashe kimoja kimoja, ukishike kiganjani mpaka namba yake ipande kwenye simu, ndipo ukipe jina la chumba. Fundi aliisoma nusu akachekea puani. Hayo ni ya wanaoanza kazi. Aliwasha vyote vinne mezani kwa mpigo, simu ikaonyesha mistari minne, yote ishirini na tisa. Akaiandikia majina kwa kufuata alivyovitoa kwenye boksi, cha kwanza Mama, cha pili sebule, kama vile vidude vilikuwa vimejipanga foleni kwa heshima yake. Akavibandika, akanawa mikono.

Alasiri simu ikasema kwa Mama ishirini na tisa, sebuleni thelathini na tatu. Nyumba nzima ilikuwa na kiyoyozi kimoja tu, cha magurudumu, na fundi akakisukuma hadi sebuleni, alipozoea kukaa yeye. Kesho yake sebule ikabaki palepale, ila chumba cha Mama kikashuka mpaka ishirini na nne. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeshtuka. Fundi Baridi akatunga elimu mpya, kwamba baridi ya sebuleni inapenya ukutani na kumfuata Mama. Akamweleza dada, na dada akampongeza. Jikoni nako kulisomeka baridi sufuria ikiwa inatokota, akasingizia dirisha.

Mama alisema mara moja tu, siku ya pili.

"Mwanangu, huku kwangu kuna joto."

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwonyesha simu. "Ishirini na nne, Mama. Hii si ndiyo kazi yangu?"

Mama akaitazama ile namba, akamrudishia simu.

Sebuleni nako mambo yalikuwa magumu. Simu ilisema thelathini na tatu, fundi akazidi kukaza kiyoyozi, na kadiri alivyokaza ndivyo alivyotetemeka. Siku ya nne akavaa sweta, siku ya sita soksi mbili mbili. Haikumpitia akilini kwamba sebule ina baridi. Alijua anaumwa. Kila alipoingia kwa Mama mwili ulimlegea kwa raha, akawa anamwambia chumba chake kina upepo wa afya.

Siku ya tisa akaenda kumwomba dawa. Alimkuta Mama kanga imelowa jasho, alama ya mto imebaki shavuni. Mama akasema naye anahisi homa, na kipimo chake cha zamani kilishavunjika. Akamwagiza abandue kile kidude cha ukutani, yeye akakibana kwapani mwake kama alivyowabania wagonjwa kipimo miaka arobaini, na fundi akashika simu kusoma.

Mstari wa Mama haukutikisika. Ishirini na nne. Chini yake sebule ikaanza kupanda, thelathini na nne, thelathini na tano, thelathini na sita.

"Sebule ina homa," alisema fundi, kisha akasikia alichokisema.

Alivua sweta polepole. Hakujua aweke wapi uso. Akamuuliza Mama kwa nini hakulalamika tena.

"Wewe ndiye fundi," Mama akasema. "Uliposema hakuna joto, nikajua ni mwili wangu umeshaharibika. Nikawa najiandaa."

Fundi alilia, na hilo huwa analisimulia vilevile bila kuliruka. Kisha akasukuma kiyoyozi hadi kwa Mama, akatoa bomba lake dirishani. Vidude vingine vitatu vikapita kwapani kimoja kimoja, Mama akisimamia, na fundi akiandika jina la chumba kwenye plasta ya vidonda na kuibandika juu ya kila kidude. Angeweza kubadili majina kwenye simu kimyakimya. Alimpigia dada kwanza, akamwambia siku tisa amekuwa akisoma joto la sebule akidhani ni la chumba cha Mama.

Dada akauliza kiyoyozi kilikuwa wapi muda wote huo.

"Kwangu," fundi akajibu. "Na nilikuwa nimevaa sweta."

Dada akasema anakuja Jumamosi. Hakusema kumsalimia nani wala kumchukua nani, na fundi hakuthubutu kuuliza. Akamfikishia Mama maneno hayo kama yalivyo, macho yakiwa sakafuni.

Mama alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mwambie aje," akasema. "Ila aje na sweta yake, mimi sihami, na huku kwangu kuna baridi."