Nusu ya Ushauri wa Mzee Duri

Duri Camenisch alikuwa mtengeneza jibini wa kijiji cha Valdrena, na kwa majira ya baridi kumi na tisa alikuwa pia mwamuzi wa vijana wanaoshindana kushuka mlima kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, mahali pasipo na njia, kila mmoja akijichagulia pa kupita. Goti lilipomkatalia kuteleza, alibakiwa na darubini na daftari. Kila mshindani alimwandikia mstari mmoja. Mkewe, Mengia, alisema daftari zote zile zilikuwa ushauri mmoja ulioandikwa mara elfu mbili, na hakukosea: usiruke usipopaona pa kutua.

Asubuhi ile ya Machi aliurudia tena, mbele ya vijana thelathini waliokuwa wakitafuna mkate wa matunda makavu.

"Sikilizeni, wanangu. Hamruhusiwi kujaribu kushuka kabla ya shindano, kwa hiyo utazameni mlima kutoka hapa chini mpaka muuote. Lile genge la mwamba la katikati mnalipenda wote kulirukia. Watano wakishatua pale, theluji itakuwa imechimbika. Wa sita atazama shimoni kama kijiko kwenye uji. Na usiruke usipopaona pa kutua!"

"Sawa, Mzee Duri!" waliitika, kwa utiifu wa watu ambao hawajasikia neno.

Shindano likaanza, na wa sita akaruka genge la katikati, akazama. Wa saba akaruka palepale, na skii yake moja ikajiendea bondeni peke yake. Wa nane alipolielekea genge lilelile, Duri alikwisha kushusha darubini.

"Sikio la kufa," alisema.

"Wewe andika tu," alisema Flurina, mwamuzi mwenzake, akimmiminia chai. "Miaka yote hii bado wanakushangaza?"

"Hawanishangazi. Wananichosha."

Wa ishirini na tatu alikuwa Ladina Nuotclà, binti wa miaka kumi na minane. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kwa vijana, na bila nafasi ya tatu asingekwenda fainali. Hakufuata mkumbo. Alikata kushoto, akapita kati ya majabali mawili kama maji, akaruka jiwe, akaendelea. Duri akajikuta amesimama.

Kisha, ukingoni mwa genge la chini, Ladina naye akasimama. Akachungulia. Akasogea kidogo kulia, akaruka, akatua kama paka.

"Amesimama kwa nini?" Duri aliguta.

"Ametii ushauri wako," alisema Flurina. "Ndiye wa kwanza."

Kusimama hupunguza alama. Hakuna mwamuzi asiyejua hilo.

"Tumwongezee kidogo kwa kutua vizuri?" Flurina aliuliza.

"Na wale wasiosimama tutawaambia nini?" Akaandika alama aliyostahili, akaibonyeza kalamu nusura aitoboe karatasi.

Ladina akawa wa nne.

Alasiri alifika kwenye meza ya waamuzi, ndani ya kibanda cha shindano, ambapo vijana huja kuuliza walipokosea. Hakuwa amevua hata viatu vya skii.

"Mzee Duri, uliniambia nisiruke nisipopaona. Nikasimama, nikapaona. Umenikata kwa hilohilo?"

"Nimekukata."

"Jamani! Sasa nilitakiwa nifanyeje, niote mbawa?"

Duri akamsogezea picha ya mlima. "Unauona msonobari huu uliopinda, juu ya genge? Ukiwa chini unahesabu: urefu wa skii mbili kando yake, kulia kwa anayeshuka, pa kutua pako safi. Ukifika juu unautafuta msonobari. Huhitaji kuchungulia."

Ladina aliitazama picha, kisha akamtazama yeye.

"Na hilo mbona hukulisema?"

"Nilisema mtazame kutoka chini."

"Tutazame nini? Kila mwaka unatuhutubia shimo, shimo, shimo!"

"Nilidhani mnajua."

"Tungejulia wapi, Mzee wangu?"

Flurina alikohoa ndani ya kikombe chake. Ladina akalivuta daftari, akaukata mstari aliokuwa ameandikiwa, akaandika chini yake: *Chagua alama ya mlimani ukiwa chini. Ukifika juu, ifuate, usisimame.*

"Wasomee wa mwakani," alisema. "Mimi ndiyo basi."

Akaondoka bila kuaga, viatu vikigonga sakafu.

Duri aliusoma mstari ule mara mbili. Ulimuudhi kwa jinsi ulivyokuwa mfupi, na ulimuudhi zaidi kwa kuwa sahihi. Hakuufuta. Dirishani, kule bondeni, yule kijana wa saba alikuwa bado anaichokonoa theluji kwa fimbo, akitafuta skii yake.