Bia Iliyolala kwenye Friza ya Samaki

Mimi sijui kumung'unya maneno, na wanaonijua wanalijua hilo. Mteja akiniletea kitambaa kibovu namwambia ni kibovu kabla hajapata pa kukaa. Ndiyo maana mpaka leo sielewi nilinyamazaje siku ile, mbele ya bia inayonuka samaki.

Mwenye bia ni jirani yangu, fundi wa friji. Tumepakana ukuta: huku cherehani yangu, kule friji zake, zimejipanga mpaka sebuleni na mgeni anakaa kwa kujibana. Mtaa mzima unamwita Baridi. Marehemu mkewe alikuwa shoga yangu wa kufa na kupona, kwa hiyo yeye ni shemeji, na ushemeji haukuisha tulipomzika. Kilichoisha ni kelele. Nyumba ile ilikuwa na vicheko na ugomvi wa sufuria, na redio ikishindana na shoga yangu. Sasa nikizima cherehani nasikia kikohozi kimoja, na kijiko kimoja kikigonga kikombe kimoja. Binti yake akipiga simu kutoka huko mbali alikoolewa, namsikia shemeji anasema, "Nimekula, mama. Niko sawa. Haya." Simu imekwisha.

Kilichobaki ni Jumamosi. Jumamosi mchana tunakutana kwake watu wanne kuonja bia kali za Kijerumani. Msicheke. Hizi si bia za kukata kiu. Boki ni bia nzito, ya kimea kingi, inayolazwa kwenye baridi muda mrefu kabla haijanywewa. Dopelboki ni kaka yake, nzito zaidi, na ukiifanyia mchezo miguu inaanza kufuata mambo yake. Anayezileta ni dereva wa lori, kila safari anarudi na chupa kadhaa amezifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Wa tatu ni mwoka mikate wa pale kona, mtu mpole, unga haumtoki kwenye nyusi. Wa nne ni mimi. Kila mmoja anachagua chupa yake ya kushindanisha, na mimi ndiye niliyeshona vifuko vya kuzivalisha ili mtu asione lebo. Tunanywea vikombe vya bati, kwa sababu Baridi anasema rangi inamfanya mtu aonje kwa macho. Tukimaliza, kila mmoja anaweka kizibo chake mbele ya chupa iliyomkosha.

Hapo kwenye vizibo ndipo penye vita. Dereva alikuwa hajawahi kumpa Baridi kizibo. Hata mara moja! Chupa ya Baridi ikivuliwa kifuko, dereva anajishika kichwa: "Hii umeikamua kwenye betri ya lori langu." Na Baridi anamjibu, "Wewe ulimi wako umeunguzwa na dizeli, nyamaza." Watabishana mpaka chai ipoe kwa jirani. Baridi alikuwa akionja anataja kila kitu: ganda la mkate lililoungua kidogo, zabibu kavu, moshi wa kuni zilizozimwa. Mwoka mikate anatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa na maneno mawili, tamu na si tamu, na wakinicheka nawaambia mdomo ni wangu. Nilikuwa nikiwasikiliza wanavyogombana najua kabisa kwamba shemeji anapata riziki yake ya wiki nzima, maana siku nyingine zote anaongea na kompresa.

Kisha akapata mafua, yale ya kumlaza mtu kitandani. Alipoinuka, siku moja naingia kwake nakuta moshi umejaa, maziwa yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi, naye amekaa pale pale anakaza skrubu, hana habari. "Wee shemeji! Unataka kutuchoma?" Akaruka. Akasema alikuwa amezama kazini. Mezani nako akaanza kusubiri wenzake waseme kwanza, na yeye akija kusema ni yale yale: zabibu kavu, sukari iliyoungua. Dereva akamwambia redio yake imekwama. Mimi nilidhani ni huzuni. Mtu akifiwa, kila tunachokiona kwake tunakitupia kwenye kapu la huzuni na kwenda zetu.

Sasa, kila mwaka mara moja Baridi hutengeneza boki ya barafu, na hiyo ndiyo fahari yake. Anaimimina dopelboki kwenye jagi, anaigandisha kidogo. Maji ndiyo yanayotangulia kuganda, yeye anaitoa barafu, na kinachobaki ni kidogo lakini kikali, kinashuka kooni kama dawa ya mganga asiye na huruma. Mwaka huu friza yake ilikuwa mbovu. Fundi wa friji na friza mbovu! Sitasema sana, maana na mimi gauni langu la Jumamosi limefumuka pindo tangu sijui lini. Basi akachukua friza aliyokuwa ametoka kuitengeneza, ya muuza samaki wa sokoni, akasema aijaribu hapo hapo kwa kuigandishia bia. Jagi halina kifuniko. Mtu mwenye pua angefungua ule mlango na kuufunga kwa teke.

Jumamosi tunaingia, uvundo unatupokea mlangoni. Dereva akaguna, akaiona friza ile kwenye kona, tukajua ni yenyewe. Mwoka mikate akafungua dirisha. Baridi alikuwa amevaa shati la pasi, furaha imemjaa mpaka anatafuta vikombe alivyovishika mkononi. Akamimina.

Nikainua kikombe. Ala! Uvundo haukuwa wa friza peke yake, umo humu humu ndani ya kikombe. Nikanywa kidogo, na mate yakanijaa mdomoni kama mjamzito. Nikamtazama Baridi. Alikuwa ameingiza pua yote kwenye kikombe, amefumba macho, anavuta.

"Zabibu kavu," alisema. "Na sukari iliyoungua. Mwaka huu imekubali."

Hapo nikaelewa kila kitu, maziwa na redio iliyokwama na yote. Nilifungua mdomo nimwambie. Dereva akanikanyaga mguu chini ya meza, akanikata jicho. Mwoka mikate akameza, machozi yakamlengalenga, akasema, "Nzito." Ikaja zamu ya vizibo. Mwoka mikate akaweka chake mbele ya jagi. Mimi, mkono wangu huu huu, nikaweka changu. Kisha dereva akaweka chake.

Baridi alivitazama vile vizibo, tabasamu likaanza kufifia.

"Na wewe umenipa?" alimuuliza dereva.

"Nimekupa."

"Hubishi?"

"Nibishe nini, kaka? Umetuweza."

Dereva alikuwa hajawahi kumwita kaka. Baridi akakishika tena kikombe, akakinusa, akakinusa tena. Akatazama dirisha lililofunguliwa, kisha friza ya muuza samaki kule kwenye kona. Akaanza kukusanya vikombe, na chupa mbili bado zimevaa vifuko vyake, hazijaguswa.

"Nimechoka leo," alisema. "Mtanisamehe."

Jumamosi iliyofuata mlango haukufunguliwa. Nikampigia simu dereva, akasema tumwache apumzike. Mwoka mikate naye hivyo hivyo, tumpe nafasi. Nafasi! Mtu ana nyumba nzima ya nafasi, mnamwongezea ya nini? Wiki ile nilishona huku nimetega sikio ukutani. Kikohozi. Kijiko. "Nimekula, mama. Niko sawa." Roho iliniuma mpaka nikashona mkono wa shati la mteja ndani nje. Nikausukuma huko ule mkono wa shati, nikatoka, nikaupiga mlango wake kwa kiganja.

"Shemeji! Fungua!"

"Hakuna bia," alijibu kutoka ndani.

"Sitaki bia! Nimekuja kukwambia ile bia yako ilikuwa inanuka! Inanuka samaki, na kizibo nilichokupa kilikuwa cha uongo, na nina hasira na wewe na mimi na wale wawili!"

Komeo likavutwa. Alikuwa na ndevu za siku kadhaa na fulana aliyoivaa nje ndani.

"Samaki gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Mbichi? Mkavu? Alianza kuharibika? Niambie vizuri."

Nikakaa kwenye kiti cha mgeni katikati ya friji, nikamwambia. Nilihangaika sana, sikuzoea. Nikamwambia mwanzo ulikuwa kama maji ya kuoshea mbao za kukatia samaki, halafu chini yake, ukivumilia, kulikuwa na mkate mweusi na kitu kama ngozi ya viatu vipya, na hicho cha chini kilikuwa kizuri, ndicho kilichotia uchungu. Alisikiliza amefumba macho, na mara moja akacheka, kicheko kifupi. Nilikuwa nimekikosa.

"Tangu mafua yale," alisema. "Sisikii harufu wala ladha. Ningewaambia ningewapata wapi Jumamosi? Mngekuja mara moja mnihurumie, mara ya pili mna dharura. Mtu asiyeonja anaalikwa kuonja ili iweje?"

"Mimi nitakuwa naonja nakwambia."

"Na wewe utanidanganya kama wenzako."

"Sikudanganyi tena. Hata ikiwa sumu nitakwambia ni sumu. Niangalie usoni."

Aliniangalia usoni. Kisha akainuka, akanipa ishara nimfuate, tukaingia chumbani kwake, ambamo sikuwa nimekanyaga tangu msiba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upande mmoja tu. Akafungua kabati. Nguo za shoga yangu zilikuwa zinaning'inia zote, hakuna iliyotolewa, na mbele kabisa lile gauni la kijani nililomshonea mimi mwenyewe, ambalo aliringa nalo mtaa mzima.

"Kila asubuhi nilikuwa nafungua hapa," alisema. "Navuta pumzi moja, nafunga, naenda kazini. Yale mafuta yake, na jasho lake kidogo. Tangu mafua hakuna kitu. Hebu ninusie, shemeji. Bado yumo?"

Nikaingiza uso kwenye gauni, kwenye kola, kwapani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikashika na la pembeni yake, na la nyuma yake. Mungu wangu, nilimtafuta. Kulikuwa na harufu ya mbao, na ya vumbi, na ya kitambaa kilichokaa sana gizani. Yeye alisimama kando yangu ananitazama mdomo kama mtoto anayesubiri matokeo, na mimi neno moja dogo lingetosha kumlaza usingizi mzuri. Lakini nilikuwa nimemwahidi sasa hivi tu, pale sebuleni.

"Hayumo, shemeji," nilimwambia. "Ni mbao na vumbi."

Aliupitisha mkono kwenye bega la gauni, akalinyoosha, akalirudisha lilipokuwa likining'inia.

"Kumbe," alisema. "Na mimi miezi yote hii naisingizia pua."